Kirangozi na Kibaba: Somo la Uongozi Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora

Shabaha ya somo

Kila mahali pa kazi, pawe kiwandani, shuleni, hospitalini au ofisini, pana swali moja lisilokwepeka: ni jambo gani linalomfanya mtu aifanye kazi yake vyema hata pale ambapo hakuna anayemwangalia? Wako wanaojibu kuwa ni ujira. Wako wanaosema ni hofu ya adhabu. Wako pia wanaosema ni imani aliyo nayo mfanyakazi juu ya kiongozi wake na juu ya wenzake. Mifano inayotolewa katika vitabu vya sayansi ya uongozi aghalabu hutoka katika viwanda vya Ulaya na Marekani, hata mwanafunzi akadhani kuwa swali hilo lilizaliwa huko. Lakini Tanzania inao mfano wake, tena mkubwa na wa zamani zaidi: kazi ya upagazi katika njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, katika karne ya 19.

Baada ya kulisoma somo hili mwanafunzi aweze: (a) kueleza mamlaka ya kirangozi wa msafara yalitokana na nini, (b) kukokotoa uhusiano kati ya chakula na kazi ya mpagazi, (c) kulinganisha uongozi wa kukubaliana na uongozi wa kulazimisha, na (d) kuyatumia mafunzo hayo katika mahali pa kazi pa leo.

1. Njia na wafanyakazi wake

Mji wa Tabora umo katika uwanda wa juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari. Katika karne ya 19 nchi hiyo iliitwa Unyanyembe, na makazi ya wafanyabiashara yalikuwa Kazeh na Kwihara. Hapo ndipo njia ya kutoka pwani ilipogawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine ikaenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800, na msafara wa kawaida uliutembea kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu.

Mizigo yote ilichukuliwa na watu, na sababu yake ni ya kibiolojia. Mbung'o walienea katika mapori ya njia hiyo, na ugonjwa wa nagana wanaoueneza uliua ng'ombe, farasi na punda. Kwa hiyo mkokoteni wa kukokotwa na wanyama haukuwezekana. Nguo za merikani, shanga, nyaya za shaba na bunduki zilipanda bara juu ya vichwa na mabega ya watu. Na pembe za ndovu ziliteremka pwani vivyo hivyo. Uzito ulipimwa kwa farasila, yaani kilo 16 hivi. Mzigo wa mpagazi mzima ulifika farasila mbili, na juu ya huo alichukua mkeka wake, silaha zake, na mara nyingi chungu na akiba ya chakula.

Ni lazima kusema wazi kwamba njia hiyo ilikuwa pia njia ya utumwa. Watu waliotekwa walipitishwa humo wakiwa wamefungwa, na kumbukumbu yao haifutiki. Ndiyo maana mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hiyo katika orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Hata hivyo, uchunguzi wa wanahistoria umeonyesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru. Walijiajiri kwa hiari, walipatana ujira wao kwa nguo, shanga au fedha, na walijua thamani ya kazi yao. Wengi wao walikuwa pia wakulima. Msimu wa kulima ulipofika ikawa vigumu sana kuwapata, na tajiri aliyewahitaji wakati huo alilazimika kungoja au kulipa zaidi.

Hapo ndipo palipo kiini cha somo hili. Mtu huru, mwenye shamba lake na jembe lake, hawezi kuongozwa kama mtumwa. Kama hakuridhika, atatua mzigo na kurudi kwao. Kiongozi wa msafara alipaswa kuitatua hesabu hiyo kila siku.

2. Kirangozi

Mbele ya kila msafara alitembea kirangozi. Neno hilo ni ndugu wa neno "kiongozi" la leo. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh mwezi Novemba 1857 pamoja na John Hanning Speke, alimweleza kirangozi kuwa mtu aliyevaa vazi jekundu, mwenye mapambo ya ngozi na manyoya kichwani, aliyefuatwa na bendera na mshindo wa ngoma. Msomaji wa haraka anaweza kudhani kuwa hayo yalikuwa mapambo tu. Lakini tukitazama kazi yenyewe, tunaona mambo manne.

Kwanza, kirangozi alikuwa mpagazi miongoni mwa wapagazi. Alichukua mzigo wake, ingawa ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine, na alitembea kwa miguu kama wao. Mwendo alioupima kwa miguu yake mwenyewe hauwezi kuwa mwendo usiowezekana.

Pili, alikuwa na ujuzi. Alijua visima vilipo, alijua hongo iliyodaiwa na kila mtemi, na alijua mahali pa kupiga kambi. Heshima yake ilitegemea kukubaliwa na wenzake, na wenzake walimkubali kwa sababu maisha yao yalikuwa katika ujuzi wake.

Tatu, palikuwa na sheria iliyojulikana na wote. Burton alieleza kwamba mtu yeyote aliyemtangulia kirangozi njiani alitozwa faini. Alichomolewa mshale mmoja katika podo lake, nao ukawekwa kuwa ushahidi hadi mwisho wa mwendo wa siku hiyo. Hakupigwa papo hapo, wala shauri halikukatwa kwa hasira. Kosa lilijulikana, ushahidi ulikuwapo, na adhabu ilikuwa ile ile kwa kila mtu.

Nne, palikuwa na habari. Kabla ya kuingia nchi ngumu kama Ugogo, ambako maji yalikuwa haba na hongo ilikuwa nzito, watu walikusanywa kambini wakahutubiwa juu ya hatari zilizo mbele. Mpagazi aliingia katika shida akiijua.

Nyuma ya kirangozi walikuwapo wanyampara, yaani wakubwa wa vikundi, na wapagazi wenyewe waligawanyika katika makundi madogo yaliyopika na kula pamoja. Wake za wapagazi nao waliandamana na baadhi ya misafara, wakabeba vyombo na kupika. Kwa jinsi hiyo mtu mmoja katika umati wa mamia hakupotea. Alikuwa na chungu chake, na aliyekosekana kwenye chungu alijulikana jioni ile ile.

3. Hesabu ya kibaba

Ujira wa mpagazi ulilipwa kwa safari nzima, lakini chakula kilitolewa njiani nacho kiliitwa posho. Kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, ambacho Burton alikikadiria kuwa ratili moja na nusu, yaani kilo 0.68. Mwanafunzi wa sayansi anaweza kulipima jambo hili.

Nafaka kavu kama mtama au mahindi hutoa takriban kilokalori 3,400 kwa kila kilo. Kwa hiyo kibaba kimoja kilitoa:

0.68 × 3,400 = kilokalori 2,300 hivi.

Sasa tutazame matumizi. Mtu mwenye uzito wa kilo 55, aliyebeba kilo 30 na kutembea kilomita 4 kwa saa katika njia ya tambarare, hutumia takriban kilokalori 280 kwa saa. Tukichukua mwendo wa saa 5:

280 × 5 = kilokalori 1,400.

Saa 19 zilizobaki mwili hauwi umezimika. Moyo hupiga, mapafu huvuta pumzi, na mtu huteka maji, hukata kuni na kujenga boma la miiba. Tukikadiria kilokalori 90 kwa saa:

90 × 19 = kilokalori 1,710.

Jumla ni kilokalori 3,110. Haya ni makadirio tu, maana watu hutofautiana na njia hutofautiana. Lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa. Kibaba kimoja kilipungukiwa na kilokalori zipatazo 800 kila siku. Pengo hilo lilipaswa kuzibwa kwa nyama ya porini, kwa mboga, kwa asali, au kwa chakula kilichonunuliwa vijijini. Mahali palipokuwa na vijiji vingi na mavuno mema, msafara ulikwenda kwa wimbo. Mahali palipokuwa na njaa, mwili wa mpagazi ulianza kujila wenyewe.

Kiongozi aliyepunguza posho hadi nusu kibaba alidhani ameokoa nguo na shanga. Kwa kweli alikuwa ameongeza deni la nguvu hadi karibu kilokalori 2,000 kwa siku, na deni hilo lililipwa kwa watu walioanguka njiani, kwa mizigo iliyoachwa porini, na kwa siku za kulala kambini bila kwenda popote. Kibaba hakikuwa sadaka ya tajiri kwa mpagazi. Kilikuwa sehemu ya chombo cha kazi, kama mafuta yalivyo sehemu ya gari.

4. Kutua mzigo

Wapagazi walikuwa na njia zao za kusema. Walilalamika kambini, walifanya mkutano, walikataa kuinua mizigo asubuhi hadi shauri likatwe. Na ikishindikana, walitoroka usiku. Wasafiri wengi wa kigeni waliandika mambo hayo kuwa ni uvivu na ukaidi. Baadhi yao, Henry Morton Stanley akiwa mmojawapo, waliandika wenyewe kwamba walitumia kiboko.

Lakini malalamiko ni habari. Mwishoni mwa mwaka 1860 Speke alipopita Ugogo katika safari yake ya pili, alikuta njaa katika nchi, na wapagazi wake wengi wakatoroka. Alifika Kazeh Januari 1861 akiwa na mizigo bila watu wa kuibeba. Vita kati ya wafanyabiashara Waarabu na mtemi Mnywa Sere vilizidisha uhaba huo, na sehemu kubwa ya mwaka 1861 ikapita akihangaika kutafuta wapagazi. Waliotoroka walikuwa wametoa hukumu yao juu ya hali ya safari, na hukumu hiyo ilikuwa sahihi: chakula hakikutosha na hatari ilikuwa kubwa.

Sayansi ya kisasa imelithibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali. Alitazamia kwamba wodi zenye uongozi mwema zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: wodi hizo ziliandikisha makosa mengi zaidi. Uchunguzi ulipoendelea, ilidhihirika kwamba hazikuwa zikikosea zaidi, bali zilikuwa zikisema zaidi. Mahali ambapo muuguzi alimwogopa mkubwa wake, makosa yalifichwa, na kwa hiyo hayakurekebishwa.

Hapa pana funzo la utafiti pia: takwimu ya makosa yaliyoandikwa si sawa na takwimu ya makosa yaliyotendeka. Kiongozi anayejisifu kwamba ofisini mwake hakuna malalamiko hajathibitisha kwamba watu wameridhika. Huenda amethibitisha tu kwamba wanaogopa.

5. Msafara usio na bwana

Mfano ulio bora kuliko yote katika njia hii ulianzia Tabora na ukarudi Tabora. Tarehe 25 Agosti 1872 David Livingstone aliondoka Kwihara kwenda kusini, pamoja na watu waliokuwa wameajiriwa Zanzibar na kupelekwa kwake na Stanley. Mapema mwezi Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wapatao 60, wakiwamo wanawake, walibaki porini bila mwajiri, bila mlipaji, wala mtu yeyote wa kuwaamrisha.

Kama hofu ndiyo inayofanya watu wafanye kazi, msafara huo ulipaswa kuvunjika siku hiyo hiyo. Haukuvunjika. Walifanya baraza. Waliwakubali Abdullah Susi na James Chuma wawe viongozi kwa sababu ya uzoefu wao wa miaka mingi, wakaahidi kuwatii. Masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya wote ili lawama isimwangukie mtu mmoja, na Jacob Wainwright, aliyekuwa amesoma shule huko Nasik, India, akaandika orodha ya kila kitu. Kisha wakauzika moyo wa marehemu chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua kwa muda wa wiki mbili, wakaufunga kama mzigo, na kuanza safari.

Njiani wengi waliugua, na wako waliokufa. Mwezi Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, ambako walimkuta ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron. Yeye aliwashauri wauzike mwili pale pale, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walimsikiliza, wakakataa, wakaendelea. Baada ya kuondoka Tabora walipata habari kwamba wenyeji wa mbele hawangeruhusu maiti kupita. Wakafunga mabua ya nafaka mfano wa maiti, wakawatuma watu warudi nayo kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Walikuwa wamesafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwa muda wa miezi tisa. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey.

Hapa hapana haja ya kutia chumvi. Walikuwa na matumaini ya kulipwa ujira wao, na haki yao ilikuwa hivyo. Lakini ujira uliokuwa mbali, na usiokuwa na hakika, hautoshi kueleza mpango, umoja na uvumilivu waliouonyesha. Walikuwa na viongozi waliowakubali, walikuwa na hesabu iliyo wazi, na walikuwa na lengo walilolijua wote. Mambo hayo matatu yalisimama mahali pa bwana.

Mwisho wake nao una funzo. Susi na Chuma hawakuwapo mazikoni; kati ya watu wa msafara, Wainwright peke yake ndiye aliyehudhuria. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ilitengeneza medali kwa ajili ya wote, lakini zilipofika wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Shukrani iliyochelewa haimkuti aliyestahili.

6. Kazi ile ile kwa amri

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukaanza kupoteza nafasi yake. Lakini mwaka huo huo wa 1914 vita vikazuka, na kazi ya kubeba mizigo ikarudi kwa sura nyingine. Majeshi ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji yalikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu. Tabora yenyewe ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916.

Mizigo ilikuwa karibu ile ile na mapori yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni uhusiano kati ya mbebaji na anayemwongoza. Mpagazi wa vita hakupatana ujira, hakumchagua mkubwa wake, na hakuweza kutua mzigo. Mara nyingi alilishwa chakula asichokizoea, kama vile unga wa mahindi uliosagwa ovyo na kupikwa haraka, hata watu waliozoea ndizi wakaharibikiwa matumbo. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya vifo karibu 95,000, na wengi wa waliokufa waliuawa na maradhi kama kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, si risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wapagazi, nalo hutamkwa kila siku na maelfu ya watu waendao sokoni.

Ulinganisho huu si wa haki kwa kila hali, maana vita si biashara. Lakini unaonyesha jambo moja kwa uhakika: mahali ambapo mfanyakazi hana namna ya kukataa, kiongozi hupoteza kipimo cha makosa yake. Mpagazi wa mwaka 1860 aliyetoroka alimwambia Speke kwamba kuna njaa. Mpagazi wa mwaka 1917 alisema jambo hilo hilo kwa kufa.

7. Kutoka njiani hadi kiwandani

Mwaka 1911 Frederick Taylor wa Marekani alitoa kitabu juu ya uendeshaji wa kazi kwa njia ya sayansi. Mfano wake mashuhuri ulikuwa nao wa kubeba: vibarua waliopakia vipande vya chuma vya kilo 42 kimoja kimoja. Alidai kwamba kwa kupanga mwendo na mapumziko, mtu mmoja aliweza kupakia tani 47 na nusu kwa siku badala ya 12 na nusu. Wanahistoria wamezitilia shaka baadhi ya habari za mfano huo. Hata hivyo, Taylor aliona ukweli mmoja ambao kirangozi aliujua, yaani kwamba bila mapumziko ya kutosha hapana kazi. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kufikiri ni kazi ya wakubwa, na kutenda ni kazi ya vibarua.

Kati ya mwaka 1924 na 1932 yalifanywa majaribio katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago. Watafiti walitaka kujua athari ya mwanga juu ya uzalishaji, wakashangaa kuona uzalishaji unapanda hata mwanga ulipopunguzwa. Elton Mayo na wenzake walieleza kwamba wafanyakazi waliathiriwa na hali ya kusikilizwa na kushirikiana katika kikundi. Wataalamu wa baadaye wameyapinga baadhi ya mahitimisho hayo, kwa kuwa watu waliochunguzwa walikuwa wachache. Lakini swali la uhusiano wa watu kazini halikuondoka tena. Mwaka 1960 Douglas McGregor aliwagawa viongozi katika makundi mawili: wanaoamini kwamba mtu kwa asili huchukia kazi na lazima asukumwe, na wanaoamini kwamba mtu hupenda kubeba dhamana akipewa nafasi.

Tanzania nayo ililikabili suala hilo. Mwezi Februari 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Katika miaka mitatu iliyofuata, wafanyakazi wa viwanda kadhaa walikitumia kifungu hicho kuwashitaki wakubwa wao, na wakati mwingine walisimamisha kazi. Yafaa kutambua kwamba migomo hiyo haikuhusu mishahara tu. Mingi ilihusu matusi na unyanyasaji. Leo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua haki ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi, na inataka kumwachisha mtu kazi kuwe na sababu halali na kufuate utaratibu wa haki. Mshale uliochomolewa katika podo umekuwa kifungu cha sheria.

8. Mahali pa kazi pa leo

Kutokana na hayo yote, kiongozi wa leo, awe mkuu wa shule, meneja, mganga mkuu au kiranja wa bweni, anaweza kujipima kwa maswali matano.

Je, kibaba kimetolewa? Mshahara uliochelewa, maji yasiyokuwapo na vifaa vilivyovunjika haviwezi kufidiwa kwa hotuba.

Je, kiongozi amebeba mzigo? Si lazima alingane na wengine kwa uzito, bali aijue kazi kwa mwili wake.

Je, sheria ni moja kwa wote, na ushahidi huwekwa kabla ya adhabu?

Je, anayesema ukweli husalimika? Tuchukue mfano wa maabara ya shule. Mwanafunzi amevunja chupa ya asidi. Kama ajua kwamba atachapwa, atazificha vigae chini ya meza, na mwenzake ataumia kesho. Kama ajua kwamba kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuondoa hatari, atasema mara moja. Kutomwadhibu mkweli ni kanuni ya usalama.

Je, kazi itaendelea kiongozi asipokuwapo? Hiki ndicho kipimo kikuu. Mahali ambapo kila mtu huacha kazi mkubwa atokapo mlangoni, palikuwa na msimamizi bila kuwa na uongozi. Watu wa Chitambo walifikisha mzigo wao pwani kwa sababu uongozi ulikuwa umekwisha kukaa miongoni mwao wenyewe.

Maswali na mazoezi

1. Eleza kwa nini mizigo katika njia ya Tabora ilibebwa na watu badala ya wanyama. Mbung'o huenezaje nagana?

2. Msafara wenye watu 200 unatembea siku 75. Kila mtu apewa kibaba kimoja (kilo 0.68) kwa siku. Kokotoa kilo za nafaka zinazohitajika. Kama mpagazi mmoja hubeba kilo 32, wangehitajika wapagazi wangapi kuibeba nafaka hiyo yote tangu mwanzo? Jibu lako laonyesha nini juu ya umuhimu wa vijiji vya njiani?

3. Rudia hesabu ya sehemu ya 3 kwa mwendo wa saa 7. Pengo la chakula linakuwa kiasi gani?

4. "Wodi iliyoandikisha makosa mengi ni wodi mbaya." Jadili usemi huu kwa kutumia tofauti kati ya makosa yanayotendeka na makosa yanayoandikwa.

5. Linganisha mpagazi wa msafara wa biashara na mpagazi wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918 katika mambo haya: kupatana ujira, chakula, na uwezo wa kukataa.

6. Kazi ya kikundi: Chunguzeni kazi moja ya pamoja shuleni penu, kama vile bustani, jiko au usafi wa bweni. Andikeni jinsi inavyokwenda kiongozi wake akiwapo na asipokuwapo, kwa muda wa wiki mbili. Elezeni sababu za tofauti mliyoiona, kisha isomeni taarifa yenu mbele ya wote waliohusika, kiongozi mwenyewe akiwamo.